Kanga na Msimu Wake: Jinsi Nguo ya Wanawake wa Pwani Ilivyobuniwa, Ilivyotengenezwa na Ilivyopewa Jina

Katika nchi za Ulaya wenye kuandika habari za mitindo ya nguo wamezoea kuufuata mwaka kwa majira yake. Mbunifu hutoa nguo za wakati wa joto, kisha hutoa za wakati wa baridi, na hali ya hewa yenyewe huwa ndiyo sababu ya kuziacha za kwanza na kuzinunua za pili. Pwani ya Afrika ya Mashariki haina baridi ya kumlazimisha mtu kubadili nguo. Hata hivyo, tangu miaka ya 1880 wanawake wa Unguja, Mombasa, Lamu na miji mingine ya pwani wamekuwa na nguo ya msimu iliyo yao hasa. Nguo hiyo ilichorwa, ikaagizwa, ikachapwa ng'ambo, ikangojwa bandarini, ikavaliwa kwa fahari, na baada ya miezi michache ikasemwa kuwa imepitwa na wakati ijapokuwa uzi wake ulikuwa mzima na rangi yake haijapauka. Nguo hiyo ni kanga, ambayo katika Mombasa hujulikana zaidi kwa jina la leso.

Yafaa basi kuuliza ni kitu gani kilichoifanya kanga ya mwezi wa juzi ionekane nzee. Sababu haikuwa jua wala mvua, wala mkato wa nguo, maana mkato wa kanga haukubadilika kamwe. Makala haya yataonyesha kwamba kilichobadilisha msimu kilikuwa mchoro pamoja na jina lake, na kwamba kazi ya kutoa majina, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wanawake, yastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya ubunifu wa nguo yenyewe.

Nguo kabla ya kanga

Kabla ya kanga, nguo iliyotawala soko la pwani ilikuwa merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa wala kutiwa rangi. Jina lake ladhihirisha kilikotoka. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, merikebu za Salem katika jimbo la Massachusetts zilileta vitambaa hivyo kwa wingi, nazo zikapakia pembe, ngozi na sandarusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipunguza sana uagizaji huo, na vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikapata nafasi. Lakini jina lilibaki. Watu waliendelea kusema merikani hata kwa kitambaa kilichofumwa Bombay.

Merikani iliyotiwa rangi ya nili iliitwa kaniki. Nguo hizi mbili, nyeupe na nyeusi, zilikuwa vazi la watumwa na la watu wa kazi. Mtumwa mwanamke alijifunga kitambaa kimoja chini ya makwapa, akaacha mabega na kichwa wazi. Waungwana walijifunika zaidi, na kwa nguo za thamani zaidi: hariri, vitambaa vya rangi, na nguo zilizoshonwa. Hivyo mtu aliweza kuonwa cheo chake kwa mbali, kabla hajafumbua kinywa.

Leso na kanga

Neno leso ni la Kireno, nalo maana yake ni kitambaa cha mkononi. Vitambaa hivyo vya rangi vilifika pwani vikiwa havijakatwa, vingi katika gora moja. Masimulizi ya pwani yasema kwamba wanawake walianza kununua leso sita kwa pamoja, wakazikata katika safu mbili za leso tatu tatu, kisha wakaziunganisha kwa sindano zikawa shuka moja. Hiyo ndiyo iliyoitwa leso ya kushona. Wafanya biashara walipoona jambo hilo, wakaagiza shuka nzima iliyochapwa tayari, ili mnunuzi asisumbuke na sindano.

Utafiti wa miaka ya karibuni katika vitabu vya sampuli vya viwanda vya Uholanzi waunga mkono kwamba katika miaka ya 1880 viwanda hivyo vilikuwa vikichapa nguo za namna hii kwa ajili ya soko la Unguja. Baina ya masimulizi ya pwani na vitabu vya viwandani hapana ugomvi mkubwa. Vitabu vyaonyesha ni lini mashine ilianza kuifuata nguo, na masimulizi yaeleza ni nani aliyetangulia kuiunda. Likikubaliwa hilo, itabidi kusema kwamba kielelezo cha kwanza cha kanga hakikuchorwa kwa kalamu, bali kilishonwa kwa mkono wa mnunuzi.

Kuhusu neno kanga, maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba michoro ya kwanza ilikuwa na madoa meupe juu ya ardhi ya giza, mithili ya manyoya ya ndege aitwaye kanga. Lugha imeyatenga maneno haya mawili kwa upatanisho wa kisarufi: ndege ni kanga huyu, na wengi wake ni kanga hawa, nguo ni kanga hii, na nyingi zake ni kanga hizi. Leo msemaji aweza kuitaja nguo maisha yake yote bila kumkumbuka ndege.

Kanga huuzwa mbili mbili, na jozi yake huitwa doti, neno lenye asili ya Kihindi. Moja peke yake huitwa upande. Kipimo chake ni kama sentimeta 150 kwa 110. Doti hutoka dukani ikiwa haijatengwa. Mnunuzi huikata katikati na kuipinda ncha, upande mmoja akajifunga na wa pili akajitanda. Kwa kujitanda huku mwanamke alijifunika kichwa na mabega, na hapo ndipo kanga ilipoingia katika historia ya uhuru.

Hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakaingizwa katika sheria ya mwaka 1909. Mwanamke aliyekuwa mtumwa jana hakuwa na mali wala ukoo wa kujivunia, lakini kwa fedha ya kibarua chake aliweza kununua doti ya kanga. Aliacha kaniki. Akajitanda kama wajitandavyo waungwana, na kwa rangi alizozichagua mwenyewe. Watu walioiona tamaa ya kanga mpya kuwa ni upuuzi wa wanawake hawakuufahamu uzito wa jambo hilo. Kwa mtu ambaye nguo yake ilichaguliwa na bwana wake, kuchagua mchoro lilikuwa jambo kubwa, na kuchagua tena msimu uliofuata lilikuwa kulithibitisha.

Msimu

Msimu wa kanga ulitegemea kwanza mawasiliano. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Meli za barua za kampuni ya British India zilianza kufika Unguja mwaka 1872. Waya wa simu wa kupitia baharini ulifika mwaka 1879. Zamani, biashara iliyofuata pepo za kaskazi na kusi ilikuwa na mwendo mmoja tu kwa mwaka, na nguo iliyokosa pepo ilikosa mwaka mzima. Mambo haya matatu yalipokamilika, mfanya biashara wa Unguja aliweza kutuma mchoro Ulaya, kurudishiwa sampuli, na kupata mzigo kabla ya watu kuisahau hamu yao. Mchoro haukuweza kupita katika waya wa simu, lakini nambari na idadi ziliweza. Si ajabu basi kwamba kanga ilitokea katika miaka iliyofuata mambo hayo, wala si kabla yake.

Pili, msimu ulitegemea fedha na sikukuu. Katika Unguja na Pemba fedha ilipatikana zaidi wakati wa mavuno ya karafuu, ambayo katika mwaka mwema huanza kama mwezi wa Julai na kuendelea hadi mwishoni mwa mwaka. Lakini mkarafuu hauna ahadi: mwaka huu waweza kuzaa sana, na mwaka ujao usizae kitu. Sikukuu iliyouza kanga kuliko zote ilikuwa Idi, ambayo kwa kuwa yafuata mwezi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua. Kwa hiyo mwenye kuagiza kanga alikuwa na hesabu mbili zisizolingana. Idi iliyoangukia katika mavuno mema ilikuwa neema. Idi iliyoangukia katika miezi mikavu ilimwacha na magora rafuni, na mchoro uliolala rafuni haukuweza kufufuliwa Idi ya pili, maana wanunuzi walikwisha kuujua.

Tatu, palikuwa na ngoma na arusi. Vyama vya lelemama vya wanawake, vilivyostawi sana Mombasa na miji mingine ya pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vilishindana kwa nyimbo na kwa mavazi. Wanachama walivaa sare, yaani mchoro mmoja kwa wote, na chama hakikukubali kuonekana katika mchoro ambao wapinzani wamekwisha kuuvaa. Mashindano haya yalimpa muuza nguo faida, na pia hofu. Aliyekuwa na mchoro mpya aliuza doti nyingi kwa siku moja, na aliyekuwa na wa zamani hakutazamwa.

Kutoka mchoro hadi mashine

Kanga yataka kuchorwa kwa sheria zake. Pindo huizunguka pande zote nne. Ndani ya pindo upo mji, ambao huenda ukawa na mapambo madogo madogo yaliyotapakaa au pambo moja kubwa katikati. Juu ya pindo la chini, katika kisanduku kirefu, hukaa maandishi, nayo huitwa jina. Istilahi hizi ni za Waswahili wenyewe, nazo zapaswa kutazamwa. Yule aliyeuita uwanja wa katikati mji na ukingo wake pindo alikuwa na picha kamili ya mpango wa nguo, wala hakuhitaji kuazima maneno ya wachoraji wa kigeni.

Sheria hizi zilileta taabu kiwandani. Kitambaa cha gauni huchapwa kwa nakshi inayorudia bila mwisho, na mshonaji hukikata apendapo. Kanga haikatwi popote. Mchoro wake mzima ni kipimo kimoja: pindo likikosa kukutana pembeni, au jina likikaa upande, doti nzima imeharibika. Tena kila rangi ilihitaji muhuri wake wa mti au silinda yake ya shaba iliyochongwa, na kila iliyoongezwa iliongeza gharama. Ndiyo maana kanga nyingi za zamani zina rangi mbili au tatu tu juu ya ardhi nyeupe. Mchoraji aliyejua kazi yake aliutumia uchache huo kuwa nguvu, kama ionekanavyo katika kisutu, mchoro mkongwe wa arusi wenye nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Mwendo wa kazi ulikuwa hivi. Wafanya biashara wa maduka ya Unguja na Mombasa, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walisikiliza dukani wanunuzi walikuwa wakisifu nini na wakicheka nini. Wakachora wenyewe au wakawapa wachoraji. Michoro ilipelekwa kwa mawakala wa makampuni ya Ulaya, kama Smith Mackenzie ya Waingereza na nyumba za Hamburg zilizokuwa Unguja, kama O'Swald na Hansing. Mawakala wakaipeleka Manchester, au Uholanzi katika viwanda vya Helmond, Leiden na Haarlem. Huko mafundi walinakili, wakachonga, wakachapa sampuli. Kati ya kalamu ya kwanza na mwili uliovaa nguo palikuwa na mikono ya watu wa lugha tano au sita, na wengi wao hawakupata kuonana.

Jina

Kanga zilikuwa na majina kabla ya kuwa na maandishi. Kisutu hakina maneno yo yote juu yake, lakini kila mwanamke wa pwani akijua. Mchoro ule wa umbo la tone lililopinda kichwa, uliotoka Bara Hindi na kuenea duniani, pwani uliitwa mkorosho, kwa kuwa macho ya Waswahili yaliona korosho. Kwa kuupa jina jingine waliufanya kuwa mchoro mwingine.

Mwanzoni mwa karne ya 20 jina lilianza kuchapwa juu ya nguo. Jambo hili huhusishwa hasa na Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887 na ambaye nguo zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Maandishi ya kwanza yalikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Baadaye herufi za Kirumi zikashika mahali pake. Kanga za zamani na za baadaye zikiwekwa pamoja, badiliko kubwa la uandishi wa Kiswahili huonekana limeandikwa juu ya migongo ya wanawake.

Usemi wa kanga una sarufi yake. Ni mfupi, kwa sababu kisanduku ni kifupi. Hupenda mizani na vina. Usemi maarufu "Japo sipati tamaa sikati" una vipande viwili vinavyoishia katika silabi moja, na vitenzi viwili vya kukanusha katika nafsi ya kwanza. Nafsi hiyo haina mwenyewe mpaka nguo ivaliwe. Hapo mvaaji huwa ndiye msemaji. Wala haisemwi ni kitu gani kisichopatikana, wala kwa nani. Jirani akijiona ametajwa, mvaaji aweza kujibu kwamba yeye amenunua rangi tu. Mafumbo ya namna hii ni ya kale katika Kiswahili, lakini kanga iliyapa mahali papya: mtu aliweza kusema sokoni bila kufungua mdomo, na asishitakiwe.

Hapa ndipo jawabu la swali la kwanza linapopatikana. Usemi mpya una nguvu siku unapotokea. Ukishavaliwa na wote, fumbo limefumbuliwa, na aliyekusudiwa amekwisha kujibu kwa kanga yake. Nguo haikuchakaa, neno ndilo lililochakaa. Muuza duka alilijua hilo, ndiyo maana alitafuta maneno mapya kama alivyotafuta michoro mipya. Maneno hayo hayakutoka Manchester. Yalitoka katika nyimbo za ngoma, katika methali, katika ugomvi wa ua na ua, na katika vinywa vya wanunuzi waliomwambia wangependa kuvaa nini. Ushahidi wa kwamba viwanda havikuhusika na lugha waonekana katika makosa yenyewe: herufi zilizogeuzwa na maneno yaliyokatwa pasipofaa, kazi ya wachongaji walionakili alama wasizoweza kuzisoma.

Viwanda vya baadaye

Vita vya kwanza vya dunia vilivunja biashara ya nyumba za Kijerumani katika Unguja. Baada ya vita vya pili, viwanda vya Ujapani vilishika sehemu kubwa ya uchapaji wa kanga kwa nguo zilizokuwa rahisi na zenye rangi imara. Kisha yakaja mataifa huru. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga ikachapwa kwa wingi katika nchi ambamo lugha yake husemwa. Baadaye India ikawa mtengenezaji mkubwa wa kanga zinazouzwa Kenya na Tanzania.

Katika safari hiyo yote mashine zilibadilika, kutoka muhuri wa mti hadi silinda na fremu za kisasa, lakini pindo, mji na jina vilibaki. Kanga imeweza kuhama kiwanda kila mara kwa sababu kiini chake hakikuwa kiwandani.

Kilichohifadhiwa na kisichohifadhiwa

Lipo jambo moja la kutia wasiwasi. Michoro ya zamani imehifadhiwa vizuri kiasi. Kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, kimeweka vitabu vyake vya sampuli, na watafiti wamevitumia kuandika historia ya kanga kwa nambari na tarehe. Historia ya namna hiyo ni ya thamani, lakini kwa kawaida yake humtaja mwenye kuchapa na mwenye kuagiza. Mwanamke aliyeutoa usemi, au aliyeupa mchoro jina lililouza magora mia, hana ukurasa katika vitabu hivyo. Jina lake halikuandikwa wakati ule na haliwezi kupatikana leo. Lakini jina alilolitoa laweza kupatikana bado, pamoja na habari ya lini lilivaliwa, lilimjibu nani, na kwa nini watu walicheka.

Habari hizo ziko katika masanduku ya nguo na katika kumbukumbu za wazee wa Mji Mkongwe, wa Kibokoni, wa Lamu, wa Bagamoyo na wa Pemba. Kukusanya semi peke yake hakutoshi. Orodha ya semi bila michoro, bila mwaka na bila tukio ni kama kamusi isiyo na maana za maneno. Kila usemi wataka kuandikwa pamoja na mchoro wake, lahaja yake, herufi zake, na kisa kilichouleta kama kipo mtu wa kukieleza. Kazi hiyo ni ya wenye elimu ya lugha kabla ya kuwa ya wenye elimu ya vitambaa, na muda wake si mrefu: pamba ikitunzwa vema katika sanduku huishi kuliko mtu aliyeivaa.